Kadi Tupu au Kadi ya Kasha: Ipi Ununue Mtandaoni Ukiwa Mombasa Usiuziwe Feki

Mtoto wa ndugu yangu alinijia barazani Kibokoni baada ya alasiri, simu mkononi, uso unamng'aa. "Ami, hebu tazama. Messi wa msimu wa kwanza, dola 45, na nauli ya kufika Kenya imo humo humo."

Nikatazama. Ilikuwa kadi namba 71 ya seti ya Megacracks ya kampuni ya Panini, msimu wa 2004-05, ile ambayo wakusanyaji wa kadi za mpira huihesabu kuwa kadi ya kwanza ya Lionel Messi. Kijana wa nywele ndefu, jezi ya Barcelona. Picha zilikuwa mbili, mbele na nyuma, zote zimepigwa kwa mbali kidogo. Chini ya bei palikuwa na maneno kwamba zimesalia nane.

Nane! Kadi ambayo watu huiwekea akiba miaka, na mtu mmoja anazo nane za hali moja, kila moja kwa bei ya jozi ya viatu. Nikamwambia ashuke mpaka mwisho wa maelezo. Aliteremsha kidole akapita sifa za Messi, akapita masharti ya usafirishaji, na huko chini kabisa, katikati ya msururu wa maneno ya kutafutia, tukakuta herufi mbili: RP. Maana yake ni nakala iliyochapwa upya. Muuzaji amesema ukweli mahali ambapo hakuna anayesoma, na siku utakapolalamika atakuonyesha pale pale.

Sikumkataza kwa kukisia. Ninayo moja ndani ya saraka, feki, niliyoinunua miaka kadhaa nyuma kwa pesa nyingi kuliko hizo, kwa muuzaji aliyenijibu kwa adabu na upesi mpaka siku niliyomuuliza kuhusu herufi za mgongoni. Iliniuma sana, na bado naitoa mara kwa mara kuitazama. Yale niliyojifunza kutokana nayo ndiyo nayalinganisha hapa: kadi tupu na kadi iliyokaguliwa na kampuni ikafungwa kwenye kasha la plastiki, soko la mbali na la karibu, na njia za kulipa. Nimeandika nikiwafikiria walioko Mombasa, kwa sababu ushauri mwingi uliopo ni wa watu wa Marekani ambao kadi ikiwa mbaya huitia bahasha wakairudisha kesho yake. Kwetu si rahisi hivyo.

Halisi na feki chini ya lensi

Nianze na tofauti yenyewe, maana ndiyo inayoamua mengine yote.

Nilikwenda kwa sonara mmoja Mji wa Kale nikiwa na kadi mbili. Moja ni Messi wangu wa bandia. Ya pili ni kadi halali ya seti ile ile, ya mchezaji ambaye hakuna anayemtafuta, niliyoipata kwa bei ya sahani ya pilau. Hii ya pili mimi huiita kadi jirani, na kwa maoni yangu ndiyo chombo bora kuliko vyote. Kadi za seti moja hutoka kiwandani pamoja, kwa karatasi ile ile na wino ule ule. Mghushi hupoteza muda wake kwa Messi. Hana haja ya kumghushi beki wa akiba. Kwa hivyo ya beki huwa ya kweli, na hukufundisha ya Messi inapaswa kuwaje.

Sonara alinipa lensi yake, ile ndogo ya kukazia jichoni, inayokuza mara 10. Ukiitazama picha ya mchezaji, kadi zote mbili ni nukta: za buluu, za waridi, za manjano, za nyeusi, zimepangana kama viua vidogo. Hapo wengi hukosea wakadhani nukta ndiyo dalili ya feki. La, uchapaji wa ofseti, ule wa mabamba ya kiwandani, ndivyo ulivyo, na kadi za kweli nyingi huchapwa hivyo.

Tofauti ilikuwa kwenye herufi. Kwenye kadi jirani, herufi nyeusi za mgongoni zilikuwa wino mmoja uliojaa, kingo zake kali kama zimekatwa kwa wembe. Kwenye Messi wangu, hata herufi zilikuwa nukta. Jina lake lilizungukwa na vumbi la zambarau na manjano, na duara la herufi "e" lilikuwa limejaa ukungu. Sababu ni kwamba kiwanda huchapa maandishi kwa bamba lake la wino mweusi, lakini mghushi hana mabamba. Ana kadi moja tu, au picha yake, naye huichukua yote kwa skana na kuichapa yote kama picha. Sonara, ambaye mpira haumhusu hata kidogo, aliziinua zote mbili akasema, "Hii ni picha ya ile." Sijawahi kusikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Tukaziweka kwenye mizani yake ya dhahabu, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Zilitofautiana waziwazi, ilhali zilipaswa kuwa karibu sawa. Tukazimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma: ile jirani ikapitisha mwanga hafifu uliotandaa sawasawa, ya Messi iking'aa kama karatasi ya daftari. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachotosha peke yake, lakini vitatu vikikubaliana, shauri limekwisha.

Taa ya kukagulia noti, ile ya zambarau iliyopo kwenye maduka ya kubadilishia fedha, ina kazi yake lakini si kwa kadi hizi. Viwanda vya karatasi vilianza kutia kemikali za kung'arisha weupe miaka ya mwisho ya 1940. Kadi inayodaiwa kuwa ya 1910 ikiwaka buluu chini ya taa hiyo, ni ya uongo. Kadi ya 2004 inaweza kuwaka na ikawa halali kabisa.

Kuna jambo moja la hapa kwetu pwani. Kadi za kung'aa, zile zenye tabaka la kama kioo usoni kama za Topps Chrome, hujikunja kwa unyevu. Zikikaa juma mbili hewani wakati wa mvua za kusi hupinda kama ganda la kitunguu, hata ziwe za kweli namna gani. Kupinda kusikupe hofu ya feki. Zitie kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya.

Kadi tupu dhidi ya kadi ya kasha

Lensi, mizani na tochi vyote vinataka kadi iwe mkononi. Ukinunua mtandaoni unalipa kwanza, kadi inafika baadaye, na kilichoko mbele yako ni picha ambayo huenda si ya kadi hiyo kamwe. Ndiyo maana swali la tupu au kasha kwetu ni zito kuliko kwa mtu wa Chicago.

Kadi ya kasha ni ile iliyopelekwa kwa kampuni ya kupima, ikakaguliwa, ikapewa alama ya 1 hadi 10, ikafungiwa ndani ya plastiki ngumu yenye lebo na namba yake. Kampuni inayojulikana zaidi ni PSA ya Marekani, iliyoanza 1991. Nyingine ni Beckett, SGC na CGC. Kadi tupu haijapita kokote: unanunua kwa jicho lako na neno la muuzaji.

Kwa kadi ghali, kasha linashinda, na silioni hata shindano. Lakini lisikupumbaze, maana linaweza kukosea kwa namna mbili tofauti, na ni vizuri kuzitenganisha.

Namna ya kwanza ni kampuni yenyewe kuteleza. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ilikuwa ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku kati ya 1909 na 1911. Ilipewa alama 8. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane mpya. Tazama vizuri kisa hicho kinasema nini: kadi ilikuwa ya kweli, iliyokuwa na kasoro ni alama. Kampuni hizi zinaweza kubishaniwa kati ya 8 na 9, lakini ni nadra kwa kadi iliyochapwa juzi kupita mikononi mwao ikaitwa ya asili. Nawe unachotaka kwanza ni hilo la pili, kadi iwe ya kweli.

Namna ya pili ndiyo hatari yenyewe: kasha kughushiwa. Mghushi hutafuta tangazo la kadi halali, akanakili namba iliyo kwenye lebo, akachapa lebo yake, akaifunga feki ndani ya plastiki inayofanana. Ukiingiza ile namba kwenye tovuti ya kampuni, itakuja sawa: jina, mwaka, alama. Watu hufurahi wakalipa. Namba ni ya kweli, kadi siyo.

Kwa hivyo usiishie kwenye namba. Kadi nyingi zilizopimwa miaka hii ya karibuni na PSA zina picha kwenye kumbukumbu zake, na kila kadi ina alama zake za kuzaliwa: ukingo wa kushoto mpana kuliko wa kulia, nukta ya wino juu ya bega, pembe moja iliyolegea. Ifungue picha hiyo upande mmoja na picha ya muuzaji upande wa pili, uzilinganishe polepole. Kama kumbukumbu haina picha, mimi hutafuta kasha jingine la kadi hiyo hiyo lenye picha, hata likizidi bei kidogo. Na andika anwani ya tovuti kwa mkono wako. Usifuate kiungo alichokutumia muuzaji, wala usiiamini alama ya kuskani iliyo kwenye lebo, kwani mtu anayeghushi lebo hashindwi kuipeleka alama hiyo kwenye tovuti yake mwenyewe.

Omba pia picha mpya: kasha kando ya karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo, limepigwa kwa upande ili kingo zionekane. Kasha la kweli hubanwa kwa mitetemo likawa kipande kimoja. Lililofunguliwa na kufungwa tena huacha michirizi myeupe pembezoni au gundi. Muuzaji mwaminifu atanung'unika kidogo kisha atapiga picha. Yule mwingine atakwambia kuna mteja mwingine anayesubiri.

Kadi tupu nayo ina mahali pake, tena pazuri. Kadi za wachezaji wa kawaida, za dola mbili tatu, hazina faida kwa mghushi, na furaha ya kuishika kadi bila plastiki haipo kwenye kasha. Mimi mkusanyo wangu mkubwa ni tupu. Ninachokataa ni ile hesabu ya "nitainunua tupu kwa bei nafuu, kisha niipeleke ikapimwe." Ukiwa Mombasa hiyo maana yake ni nauli ya kwenda na kurudi, ada ya kupima, miezi ya kusubiri, na hatari ya kupotea njiani. Kadi tupu ya jina kubwa inayouzwa kwa bei ya chini huwa ina sababu, na mara nyingi muuzaji ameshaijua: ama si ya kweli, ama imekatwa kingo.

Kuhusu kukatwa, kadi ya kawaida ya kisasa ni milimita 63.5 kwa 88.9. Nyingine zina vipimo vyake, ndiyo sababu nasisitiza kadi jirani kuliko rula. Ziweke pamoja, uzigonge mezani kama karata. Iliyopunguzwa itajificha kati ya wenzake.

Majina yanayoghushiwa sana

Mghushi ni mfanyabiashara, hufuata pesa. Mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, ya Topps ya 1952 iliuzwa Marekani kwa dola milioni 12.6. Habari kama hiyo ikitoka, kila aliye na mashine ya kuchapa huamka.

Katika mpira wa kikapu, kadi ya Michael Jordan ya Fleer ya 1986, namba 57, ndiyo mama wa feki zote. Zilianza kusambaa zamani, kabla ya wengi wetu kuwa na simu. Kwenye hoki ni Wayne Gretzky wa 1979. Kwenye mpira wetu ni Messi wa 2004-05, Cristiano Ronaldo wa miaka ya mwanzo, na siku hizi nyota vijana ambao kadi zao za kung'aa zinaigwa upesi kwa sababu vijana ndio wanunuzi. Zile kadi za bati la rangi ya dhahabu, zenye sura ya Ronaldo au Messi, zinazouzwa kwa pakiti, si za ligi yoyote wala kiwanda chochote cha kadi kinachotambulika. Mnunulie mtoto kama mchezo ukipenda, lakini usizilipie kama kumbukumbu.

Ukisoma tangazo, tafuta maneno haya kabla ya kutazama picha: "reprint", "RP", "novelty", "custom", "facsimile". Huwekwa mwishoni mwa kichwa cha habari au ndani ya maelezo marefu. Lolote kati ya hayo linamaanisha unachonunua si kadi ya asili, na ukishakinunua huna kesi.

Soko la mbali, makundi ya mitandaoni, na mtu wa hapa hapa

Nimenunua kote kutatu, na ningeyapanga hivi.

eBay, soko la mtandaoni la Marekani, ina sifa mbaya kwa watu waliotapeliwa huko, lakini kwa kadi ya kasha ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine, kwa sababu mbili. Unaweza kuona bei ambazo kadi hiyo imeuzwa kweli, siyo zinazotajwa tu: chuja matangazo yaliyokwisha kuuzwa. Kadi inayouzwa kwa dola 900 kila mwezi haiwezi kuwa 120 leo kwa sababu muuzaji "anahitaji pesa haraka". Sababu ya pili ni ulinzi wa mnunuzi: ikifika kitu kisicho kama kilivyoelezwa una muda wa kulalamika, kwa kawaida siku 30. Kadi nyingine za bei ya juu zinazouzwa Marekani hupitishwa kwanza kwa wakaguzi, na tangazo huwa na alama inayosema hivyo.

Ila kuna shimo ambalo watu wa Mombasa tunaliangukia. Wengi wetu hutumia wakala wa mizigo mwenye anwani Marekani au Uingereza, ambaye hukusanya vifurushi na kuvileta. Kwa nguo na vipuri ni njia nzuri. Kwa kadi, kifurushi kikishafika kwenye anwani ya wakala na kupelekwa mbele, ulinzi wa eBay hauji nacho. Muuzaji atasema alifikisha kwenye anwani uliyompa, naye atakuwa kweli. Hivyo kwa kadi yenye bei, natafuta muuzaji anayetuma moja kwa moja mpaka Kenya, hata nauli ikiwa kubwa. Tofauti ile ya nauli naihesabu kuwa ni bima.

Na weka kodi kwenye hesabu tangu mwanzo. Kitu kinachoingia kinaweza kutozwa VAT ya asilimia 16, pamoja na ada nyingine za forodha, na nauli yenyewe huingizwa katika thamani inayotozwa. Ukijakuta ni feki ukataka kuirudisha, pesa uliyolipa forodha hairudi kwa urahisi huo.

Makundi ya Facebook, Instagram na Telegram yana bei nzuri na watu wenye ujuzi mkubwa. Nimejifunza mengi huko. Kununua ni jambo jingine: hakuna anayesimama kati yenu. Sura ya akaunti inaweza kuwa ya miaka kumi na mwenyewe akawa ameiiba juzi. Huko mimi hununua kadi ndogo ndogo tu, na kwa mtu ambaye wengine watatu ninaowafahamu wameshanunua kwake.

Kisha kuna mtu wa hapa hapa. Ni wachache, bidhaa zao ni chache, na mara nyingine hawajui wanachouza. Lakini hii ndiyo njia pekee inayokupa lensi kabla ya kutoa pesa. Kwa kadi tupu ya jina la maana, ningechagua kukutana na mtu mchana mahali penye watu, Nyali au mjini, kadi jirani mfukoni, kuliko tangazo lolote zuri la mbali. Asiyetaka kadi yake itazamwe kwa lensi, msalimie uende zako.

Kulipa

Hapa sirefushi. Kutuma kwa M-Pesa ni sawa na kumpa mtu noti mkononi. Watu hudhani kwamba ile huduma ya kurudisha, ya kupeleka ujumbe kwa 456, itawaokoa. Iliwekwa kwa anayekosea namba, haikuwekwa kumlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu kibaya, na mpokeaji akishatoa pesa umebaki na ujumbe tu. Tumia M-Pesa ukiwa umeshaishika kadi.

PayPal inakupa siku 180 za kufungua malalamiko, mradi umelipa kama mnunuzi wa bidhaa. Muuzaji akikuomba utume kwa njia ya marafiki na ndugu ili "kupunguza ada", anakuomba uuvue ulinzi wote. Kwangu ombi hilo peke yake ni sababu ya kuacha, hata kadi iwe nzuri vipi. Kadi ya benki, au ile ya Visa inayofungamana na M-Pesa ya GlobalPay, inakuwezesha kulipa eBay yenyewe bila kutoka nje ya mfumo wake. Usikubali kamwe kuhamia WhatsApp kumalizia malipo ya kitu ulichokikuta eBay.

Sahihi na pakiti zilizofungwa

Kadi zenye sahihi ni kundi ambalo ningemwambia mwanafunzi wa mambo haya aliache kwanza. Kutoka miaka ya 1990 FBI iliendesha uchunguzi ulioitwa Operation Bullpen, ulioanzia San Diego, ukafichua genge zima la kughushi sahihi za wanamichezo. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana ilikuwamo mipira ya besiboli yenye sahihi ya Mama Teresa. Watu walikuwa wakivinunua vitu hivyo vikiwa na vyeti. Cheti kilichotolewa na muuzaji mwenyewe, hata kiwe na muhuri wa dhahabu, ni karatasi aliyoichapa yeye.

Ukilazimika, chagua kadi ambayo sahihi yake ilitiwa kwa kiwanda, na mgongoni imeandikwa kwamba kiwanda kinaithibitisha, kisha iwe ndani ya kasha. Na usichanganye na kadi ambazo sahihi ni sehemu ya picha: chini ya lensi ile ni nukta, ilhali wino wa kalamu hukaa juu ya uso wa kadi, mzito pale mkono uliposita.

Pakiti na maboksi yaliyofungwa ya zamani, mimi sinunui. Mwanzoni mwa 2022 Logan Paul, mtu maarufu wa YouTube, alifungua sanduku la kadi za Pokémon alilolilipia dola milioni 3.5, lililokuwa limeshakaguliwa na watu wa kazi hiyo, akakuta ndani kadi za G.I. Joe, za katuni nyingine kabisa. Ikiwa kitu cha bei hiyo kilipita, pakiti yako ya dola 30 nani ataikagua? Pakiti hufunguliwa, kadi nzuri zikatolewa, zikafungwa tena kwa joto. Maboksi mapya ya msimu huu kutoka duka linalojulikana ni sawa.

Kwa pesa uliyonayo

Chini ya dola 20, nunua tupu. Chagua wachezaji unaowapenda badala ya majina yanayopigiwa kelele, nunua kwa muuzaji anayetuma moja kwa moja, na usiumize kichwa sana.

Kati ya dola 20 na 150 kwa jina kubwa ndipo feki zinapoishi. Bei inatosha kukutamanisha, lakini ni ndogo kiasi kwamba muuzaji atasema haina maana kuipeleka ikapimwe. Hapa ushauri wangu utawaudhi wengine: iache kadi ya msimu wa kwanza. Kwa pesa hiyo hiyo chukua kadi ya miaka ya baadaye ya mchezaji huyo huyo, ndani ya kasha lenye picha kwenye kumbukumbu. Utakuwa na Messi wa kweli wa 2014 badala ya Messi wa uongo wa 2004.

Zaidi ya 150, kasha tu, picha zilinganishwe, muuzaji atume mpaka Kenya, malipo yabaki ndani ya mfumo. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, subiri. Kadi nyingine itakuja; mimi nimeshakosa nyingi, na si nyingi ninazozijutia.

Kijana hakulipa zile dola 45. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama kadi za Wakenya zipo. Zipo, na hazighushiwi. Tukatafuta pamoja, akachagua kadi ya Match Attax ya Victor Wanyama ya enzi zake za Southampton, na kwa dola nyingine moja nikamwambia aongeze ya mwenzake wa timu ile ile, yoyote ile. Zilifika baada ya wiki tano ndani ya bahasha moja. Jioni hiyo tulikwenda tena kwa sonara, naye akazikaza jichoni moja baada ya nyingine, mbele na nyuma, akamrudishia kijana zote mbili. "Hizi zimezaliwa pamoja," akasema.